Mwongozo wa Mgeni katika Tamasha la Blugrasi

Msomaji uliyeazimia kuhudhuria kwa mara ya kwanza tamasha la muziki wa blugrasi, katika mashamba na viwanja vya Marekani ambako mengi ya matamasha hayo hufanywa kila mwaka tangu Aprili hadi Oktoba, yakupasa kabla ya kununua tikiti ulijue jambo moja ambalo wageni wengi hulitambua siku ya mwisho, wakati mahema yanang'olewa: kwamba jukwaa, pamoja na taa zake na mafundi wake mashuhuri, ni nusu tu ya tamasha, na kwa maoni yangu ni ile nusu iliyo ndogo. Nusu iliyosalia imo kambini, baina ya mahema na magari ya kulalia, ambako baada ya maonyesho rasmi kwisha, na aghalabu kabla hayajaanza, watu waliokuwa watazamaji hutoa ala zao mikobani wakafanya duara, seremala na mwalimu na mkulima mstaafu na binti wa miaka kumi, wakapiga pamoja hata jogoo la kwanza likawika, pasi na mmoja wao kulipwa wala kudai senti. Maagizo yote yatakayofuata, ya hema na ya kiti na ya adabu, makusudio yake ni kukufikisha penye duara hilo ukiwa mkavu, umeshiba, na unajua la kufanya.

Muziki wenyewe si mkongwe kama wengi wanavyodhani. Nyimbo na mahadhi yake mengi ni urithi wa wahamiaji wa Uskoti, Ireland na Uingereza waliokaa katika milima ya Appalachia, na wa watu weusi waliofikishwa Amerika utumwani. Lakini umbo lake alilitia Bill Monroe, mpigaji wa mandolini aliyezaliwa mwaka 1911 huko Rosine, Kentucky, ambaye bendi yake, Blue Grass Boys, ilichukua jina katika lakabu ya jimbo lake, nao muziki ukaja kuchukua jina katika bendi. Mwaka 1939 alipokewa katika kipindi mashuhuri cha redio cha Nashville, Grand Ole Opry. Na mwishoni mwa 1945 alipojiunga naye kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliyekuwa akipiga banjo kwa vidole vitatu kwa wepesi uliowastaajabisha wasikilizaji, akaja kupiga pamoja na Lester Flatt katika gitaa, Chubby Wise katika fidla na Howard Watts katika besi, ndipo ilipokamilika ile sauti ambayo wapigaji wa leo, hata wale wanaoikimbia, hupima kila kitu kwayo.

Mimi huwaomba wasomaji wa Afrika Mashariki wasiende huko wakidhani kwamba wanakwenda kutazama mila ya watu wa mbali isiyowahusu. Banjo, ala ambayo pasipo hiyo hakuna anayeuita muziki huu kwa jina lake, asili yake ni vyombo vya nyuzi vya Afrika Magharibi, ambavyo jamaa zake, kama akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia, vingali vinapigwa hata leo. Na walioiunda upya banjo katika visiwa vya Karibi na baadaye katika mashamba ya Amerika ni Waafrika waliokuwa utumwani. Monroe mwenyewe, mbali na mjomba wake Pendleton Vandiver aliyemlea kwa fidla, alikiri maisha yake yote deni lake kwa Arnold Shultz, mpigaji mweusi wa gitaa na fidla wa magharibi ya Kentucky, aliyempa kijana huyo nafasi ya kupiga naye katika ngoma za usiku. Na mwaka 2005 Béla Fleck, mmoja wa mafundi wakubwa wa banjo wa zama hizi, aliibeba ala yake mpaka Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akapiga na wenyeji, miongoni mwao Anania Ngoliga wa Tanzania, bingwa wa ala ya ilimba asiyeona kwa macho. Safari hiyo ilitolewa katika filamu mwaka 2008, na kama waweza kuipata, itazame kabla hujaondoka, kwa kuwa itakufundisha kusikiliza zaidi ya kurasa hizi.

Sasa tuje kwenye uchaguzi wa tamasha. Desturi ya kukusanyika siku kadhaa kwa ajili ya blugrasi ilianza Septemba 1965, pale Carlton Haney alipowaalika wapigaji na wapenzi wao katika shamba la farasi karibu na Fincastle, Virginia. Na tangu hapo matamasha yamezagaa nchi nzima, makubwa na madogo, hata haiwezekani kuyataja yote. Liko la Bean Blossom, Indiana, alilolianzisha Monroe mwenyewe mwaka 1967 katika uwanja wake wenye miti, nalo hufanyika Juni. Liko la Winfield, Kansas, lililoanza 1972, ambako mwezi wa Septemba hufanywa mashindano ya gitaa na ala nyingine, na ambako watu huwasili siku nyingi kabla ya onyesho la kwanza ili wapate mahali pa kupiga kambi. Liko MerleFest la Wilkesboro, North Carolina, ambalo mpigaji gitaa kipofu Doc Watson alikuwa mwenyeji wake tangu 1988, kwa kumbukumbu ya mwanawe Merle. Liko la Telluride, Colorado, katika bonde lililo zaidi ya meta 2,600 juu ya bahari, lenye mandhari yasiyo na mfano. Na liko la San Francisco, Hardly Strictly Bluegrass, ambalo tangu 2001 hufanyika katika bustani ya Golden Gate bila kiingilio chochote.

Ukinitaka shauri, sitakupeleka kwanza Telluride, ingawa ndiko wengi wanakokutamani, kwa sababu tikiti zake hugombewa mapema, gharama za malazi ni kubwa, na jukwaani huchanganywa muziki wa kila namna hata mgeni asijue alilojia ni lipi. Wala sitakupeleka San Francisco, kwa kuwa ni tamasha la mjini, watu hurudi makwao jioni, na ile nusu kubwa niliyoitaja haipo. Tafuta tamasha la wastani, la siku tatu au nne, lililo karibu na utakakofikia, lenye kambi ndani ya uwanja wenyewe. Uliza kama kupiga muziki kambini kunaruhusiwa usiku kucha. Na uliza pia kama limetengwa eneo la utulivu kwa wenye watoto na wenye usingizi mwepesi, kwani matamasha mengi hulitenga. Kisha ununue tikiti ya siku zote pamoja na kibali cha kambi, si tikiti ya siku moja. Mwenye tikiti ya siku moja hutoka langoni wakati karamu ndiyo kwanza inaandaliwa.

Katika maandalizi, kumbuka kwamba utakaa nje tangu asubuhi hadi usiku wa manane, katika nchi ambayo hali ya hewa ya siku moja yaweza kuwa ya misimu mitatu. Milimani, jua la adhuhuri huunguza ngozi ya kila rangi, mvua ya alasiri huja na radi kwa ghafla, na usiku huwa na baridi inayomtaka mtu avae sweta na soksi nzito hata mwezi wa Juni. Chukua hema lililokwisha jaribiwa, na turubai la kutandika chini yake, viatu vya mpira vya matopeni, koti la mvua badala ya mwavuli, maana mwavuli huwaziba walio nyuma na katika viwanja vingine haukubaliwi, kofia pana, tochi ya kuvaa kichwani, vizibo vya masikio vya kulalia, maana jirani yako huenda akawa na banjo, na fedha taslimu kidogo. Radi ikianza na wasimamizi wakasimamisha onyesho, usibaki hemani wala usikimbilie chini ya mti: nenda garini ufunge milango. Katika majimbo ya mashariki, kupe wa majanini huambukiza maradhi mabaya, kwa hivyo vaa suruali ndefu upitapo kwenye nyasi, na jikague mwili kila usiku.

Chakula huuzwa uwanjani, lakini ni ghali, na mara nyingi ni nyama ya nguruwe na soseji, basi mwenye kuchagua chakula kwa dini au kwa afya na abebe jiko dogo la gesi, mchele wake na viungo vyake. Kwa Mwislamu mwenye kuswali kambini, kibla cha sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini huelekea upande wa kaskazini mashariki, na mahali pa faragha huwa hapakosekani nyuma ya hema. Pombe huruhusiwa kwingine na kwingine imepigwa marufuku. Zisome kanuni za mahali hapo, usibahatishe.

Kiti nacho kina sheria zake. Wenyeji hufika asubuhi mapema, wakatandika turubai au wakaweka viti vyao mbele ya jukwaa, kisha wakaenda zao wala wasirudi hata saa kumi; na hakuna atakayevihamisha viti hivyo. Walakini katika matamasha mengi imekuwa kaida njema kwamba kiti kitupu chaweza kukaliwa na mpita njia mpaka mwenyewe atakapotokea, hapo ukaondoka kwa shukrani, naye akakujibu kwa ukarimu. Viti vya mgongo mfupi, vinavyomketisha mtu karibu na ardhi, huwekwa mbele. Vya mgongo mrefu huwekwa nyuma au pembeni. Mgeni anayekuja na kiti kirefu akakiweka safu ya tatu huwaudhi watu mia kwa kosa moja, nao kwa adabu yao hawatamwambia.

Ukiisha keti, sikiliza kwa mpango. Ala ni tano au sita na hazina umeme: banjo, fidla, mandolini, gitaa, besi kubwa ya kusimama, na pengine gitaa la dobro linalolazwa na kupigwa kwa chuma. Ngoma hakuna, na hilo humshangaza mzoefu wa muziki wa kwetu, mpaka atakapogundua kwamba kazi ya ngoma imegawanywa: besi huweka pigo la kwanza na la tatu, na mandolini hukata la pili na la nne kwa mgongano mkavu wa nyuzi zilizozuiwa upesi. Ushike mkato huo kwa masikio, nawe utakuwa umeshika uti wa mgongo wa muziki wote. Kisha fuata namna kila mpigaji anavyosogea mbele kutoa sehemu yake na kurudi nyuma kumpisha mwenziwe, kama washairi wanavyopokezana beti barazani, kila mmoja akilichukua lile lile na kulisema kwa ufasaha wake. Na baadhi ya bendi hufanya haya yote mbele ya kipaza sauti kimoja tu, wakizungukana bila kugongana, jambo ambalo linastahili kutazamwa kwa makini kuliko taa zozote. Mpigaji akimaliza sehemu yake, hupigiwa makofi hapo hapo, wimbo ukiendelea. Bali kupiga makofi ya kufuatisha mwendo wa wimbo sikushauri, kwa kuwa halaiki daima hukimbia mbele ya bendi.

Na sauti za watu usizisahau. Mwimbaji mkuu huubeba wimbo, wa pili hupanda juu yake kwa sauti nyembamba na kali, wa tatu hujaza chini. Na hiyo ya juu, ambayo Monroe aliifanya kuwa alama ya muziki huu, ina huzuni ndani yake hata pale mwendo unapokuwa wa furaha. Maneno ni ya mama aliyefariki, nyumba iliyoachwa mlimani, gari la moshi, mapenzi yaliyoishia mauti, na toba. Aliyelelewa katika taarabu, akaizoea fidla na maneno mazito juu ya mahadhi mororo, hatakaa sana kabla moyo wake haujafunguka.

Sasa kambini. Usiku wa kwanza, baada ya kula, vaa sweta yako, chukua tochi, uende polepole ukifuata masikio. Utakuta duara moja la vijana wapigao kwa kasi ya ajabu, duara jingine la wazee waimbao nyimbo za dini, jingine la watu wanne chini ya turubai ambao pengine wawili kati yao ulikuwa ukiwatazama jukwaani mchana. Simama hatua moja nje ya duara. Usipite katikati yake, usizungumze kwa sauti, usimulike nyuso za watu kwa tochi wala kwa simu, na ukitaka kurekodi, omba idhini kwanza. Ukisimama hivyo kwa wimbo mmoja au miwili, aghalabu mtu atakusogezea kiti. Keti, na ikiwa umebeba chai au biskuti, zitoe, maana hakuna kitu kinachompendeza mpigaji wa saa nane za usiku kuliko kikombe cha moto.

Kama nawe ni mpigaji, hata wa kujifunza, zijue kanuni hizi ambazo hazikuandikwa ukutani na kwa hiyo huumiza zaidi zinapovunjwa. Duara huwa na zamu: yule ambaye zamu yake imefika hutaja wimbo na ufunguo wake, ukiwa ni G au A au D au mwingine, akauanzisha, akauimba, na mara nyingi mishiko ya gitaa inayotakiwa ni mitatu tu, wa kwanza, wa nne na wa tano katika mpangilio wa ufunguo huo, ndiyo maana watu wasiojuana huweza kupiga pamoja nyimbo ambazo hawakuzifanyia mazoezi. Baada ya ubeti, kiongozi humtazama mmoja kumpa nafasi ya solo. Ukitazamwa nawe hujawa tayari, tikisa kichwa, solo itapita kwa jirani yako, na hakuna atakayekudharau. Watu watakudharau ukipiga kwa nguvu wakati mwingine anaimba, au ukiendelea kudonoadonoa nyuzi baina ya wimbo na wimbo wakati wenzako wanasikilizana. Kanuni moja inatosha kwa zote: kama humsikii anayeimba, basi wewe ndiwe unayepiga kwa sauti kubwa mno. Besi mbili katika duara moja hazifai, na mwenye banjo akikuta banjo nyingine imo tayari, ni staha angoje aitwe. Kiongozi akiinua mguu, ubeti huo ndio wa mwisho.

Asiyekuwa na hakika ya mishiko yake na asimame safu ya pili, nyuma ya duara, apige kwa sauti ndogo akitazama mkono wa kushoto wa mpiga gitaa. Hiyo ndiyo shule ambayo wengi wa mafundi waliipitia. Matamasha mengi, tena, huweka mchana duara la polepole chini ya mwalimu, ambapo nyimbo huchezwa kwa mwendo wa kumwezesha mgeni kufuata, na mimi humhimiza kila anayeanza asilione kuwa ni la watoto. Na ala ya mtu usiiguse bila idhini, hata ikiwa imelazwa juu ya kiti mbele yako, kwa sababu baadhi yake, kama mandolini za Gibson za miaka ya 1922 hadi 1924 zilizotiwa saini na Lloyd Loar, ambazo mojawapo ilikuwa ya Monroe, thamani yake ni kubwa mno. Na ukipewa uijaribu, geuza kwanza kifungo cha mkanda wako pembeni, kisije kikachubua mgongo wake. Ala yako nayo usiiache garini juani: gundi huyeyuka, na ubao ukaachana.

Nitasema bila kuficha jambo ambalo Mwafrika atajiuliza. Katika matamasha mengi hadhira ni ya wazungu, wengi wao wa umri mkubwa, na huenda ukatazamwa mara ya pili, na ukaulizwa umetoka wapi na umeujuaje muziki huu. Wengi huuliza kwa upendo. Historia niliyoitaja hapo juu ilifunikwa kwa muda mrefu, na wako walioishughulikia kwa juhudi ili ifunuliwe: Rhiannon Giddens, mwimbaji na mpigaji banjo wa North Carolina, aliisema waziwazi katika hotuba yake mbele ya Chama cha Kimataifa cha Muziki wa Blugrasi mwaka 2017, na mwaka 2020 ukaanzishwa, chini ya taasisi ya chama hicho, mfuko wenye jina la Arnold Shultz kwa ajili ya kuwasaidia watu weusi na wengine wasio wazungu kushiriki katika muziki huu. Basi usiende kwa unyonge wa mtu aliyealikwa kwa hisani. Banjo imevuka bahari ikitoka barani kwako. Muulize mpigaji habari za ala yake, nani aliiunda na aliipata vipi, nawe utaona jinsi mazungumzo yanavyofunguka, kwani hapana mpigaji aliyechoka kulijibu swali hilo.

Siku ya Jumapili usiondoke mapema. Asubuhi yake, katika matamasha mengi, huachwa kwa nyimbo za dini, sauti nne bila ala au kwa gitaa moja tu, na hata asiyeshiriki imani hiyo atazisikia sauti katika usafi ambao usiku wenye shangwe hauupi nafasi. Baada ya hapo pitia mezani ambako bendi huuza santuri na diski zao. Wengi wa wapigaji hawa wamesafiri maelfu ya kilometa kwa gari dogo, na malipo ya jukwaani hayatoshi mafuta ya kurudia. Diski unayonunua mkononi mwa mpigaji mwenyewe humfikishia faida zaidi kuliko kumsikiliza mara elfu katika intaneti. Nunua moja ya bendi uliyokuwa hujaisikia kabla ya siku hizo tatu, na umwambie ni wimbo gani uliokusimamisha.